Kodi, Haki na Soko la Kariakoo

Tarehe 15 Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa. Wafanyabiashara walikuwa wakipinga namna kodi ilivyokusanywa, pamoja na agizo la kusajili maghala yao. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, aliwasikiliza hadharani Mnazi Mmoja. Hata hivyo, tarehe 24 Juni 2024 milango ilifungwa tena, na mgomo ukaenea hadi miji mingine. Jambo linalojirudia hivyo si hasira ya siku moja. Ni suala la sera.

Kariakoo si soko la jiji tu. Wanunuzi hufika hapo kutoka Zambia, Malawi, Komoro na Kongo. Hakuna anayewalazimisha kuja kwetu. Waweza kwenda Kampala au Nairobi. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Uganda ni asilimia 18, sawa na ya Tanzania Bara. Ni dhahiri basi kwamba mnunuzi haangalii kiwango cha kodi peke yake, bali pia jinsi inavyodaiwa. Je, makadirio yanaeleweka? Je, mzigo wake utafika mpakani bila kusumbuliwa? Je, kanuni ya leo itakuwa ileile kesho? Nchi yaweza kuwa na bandari nzuri, ikapoteza biashara mlangoni pa duka.

Hatusemi kodi isilipwe. Zahanati na shule hujengwa kwa kodi, na auzaye bila risiti huwaibia majirani zake. Lakini ofisa anayegeuza sheria kuwa kitisho ili apewe chochote, naye ni mwizi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia: maduka yakifungwa, mchukuzi hapati mzigo, mama lishe hubaki na chakula chake, na machinga hurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo tunaiomba Serikali iwasikilize wafanyabiashara kabla ya kutunga kanuni, si baada ya mgomo; na katika mazungumzo hayo wachukuzi na mama lishe wapewe nafasi. Nanyi, ndugu viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, wafundisheni waamini kutoa risiti, kudai risiti na kukataa rushwa. Taifa lisilotenda haki sokoni kwake litashindanaje katika soko la dunia?