Ligi ya Fantasi Kuanza Januari Si Uhuni

Nina ugomvi na rafiki zangu na nimeona niulete hapa kabla haujanivunjia udugu.

Ugomvi wenyewe ni huu: je, ni halali kuanzisha ligi ya fantasi katikati ya msimu? Kuna wenzangu wanasema ni uhuni. Mimi nasema ni halali, tena ilitakiwa tuwe tunafanya hivyo kila mwaka. Ila nikiri mapema, asije mtu akanifukunyua: katika ligi yetu iliyoanza Agosti 2025, hadi Krismasi nilikuwa wa tisa kati ya watu kumi na wawili. Haya, chekeni. Mkimaliza tuendelee.

Kwa wale wasiocheza (mpo wachache, na nawaonea wivu kwa usingizi mnaoupata), Fantasy Premier League ni mchezo wa kujifanya kocha. Unapewa milioni 100 za hewani, unanunua wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano, washambuliaji watatu, na hakuna kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Wao wakifunga kule kweli, wewe unapata pointi huku. Nahodha wako anahesabiwa mara mbili. Ukibadilisha wachezaji kuliko ulioruhusiwa unakatwa pointi 4 kwa kila kichwa. Raundi ziko 38, kuanzia Agosti hadi Mei.

Sisi kumi na wawili tulisoma chuo pamoja hapa Dar. Siku hizi mmoja yuko Dodoma serikalini, wawili Arusha, mmoja Muscat, mmoja Mwanza, wengine tupo hapa hapa mjini lakini tunaonana kwenye harusi na misiba tu. Bila ligi sijui tungekuwa tunaongea nini. Kila mwenye timu anachanga shilingi 20,000, bingwa anakula, wa mwisho anatukanwa hadi msimu mwingine. Utani wenyewe ni ule ule wa Simba na Yanga, tofauti ni kwamba huku kila mtu ana klabu yake peke yake.

Tatizo la ligi yetu, na nina hakika la yenu pia, ni Novemba. Agosti kila mtu ni Mourinho. Septemba watu wanaanza kusahau. Ijumaa ikiwa na mechi ya saa nne usiku, vikosi vinafungwa dakika 90 kabla, wewe uko kwenye foleni Mwenge unarudi nyumbani. Mwisho wa Oktoba Waingereza wanarudisha saa nyuma, na ile Jumamosi uliyozoea kufunga kikosi saa saba mchana inakuwa saa nane. Ukifika Novemba nusu ya timu ni maiti: nahodha ana nyonga, kipa alishapoteza namba, na mwenye timu hajafungua programu mwezi mzima. Mbio za ubingwa wanabaki watu watatu, wengine tisa ni mashabiki waliolipa kiingilio.

Sasa yule wa Mwanza. Septemba alifiwa na baba yake. Alienda kijijini kuzika, akabaki huko wiki kadhaa na mama yake. Nani anakumbuka kubadilisha nahodha msibani? Aliporudi mjini alikuwa wa mwisho, pointi zaidi ya 200 nyuma ya kiongozi. Mmoja wetu akatuma kwenye kundi picha ya kuchekesha ya mtu anayeshika mkia, bila kufikiri. Wote tukacheka. Na mimi nilicheka. Jamaa hakujibu kitu, na tangu siku ile hakuandika tena.

Desemba nikampigia. Tukaongea kazi, tukaongea mama yake, halafu nikamtania kuhusu ligi. Akasema, "Kaka, huko mimi nimeshazikwa, endeleeni tu." Nikamuuliza Jumamosi sasa anaangalia mpira wa nini. Akaniambia amerudi kwenye mkeka. Nilishangaa, maana aliacha kubeti miaka miwili nyuma baada ya kuchoma ada ya mdogo wake. Akanijibu, "Angalau mkeka unaanza upya kila wiki."

Sentensi hiyo ilinikera kwa sababu ni ya kweli. Kampuni za kubeti zinajua jambo ambalo sisi marafiki zake hatukulijua: mtu aliyepigwa anataka kuanza upya. Wao wanampa nafasi hiyo kila Jumamosi kwa hela yake. Sisi tulimwambia asubiri Agosti.

Ndipo wiki ya mwisho ya Desemba nikapendekeza ligi ya pili, ihesabiwe kuanzia raundi ya 20. Zinabaki raundi 19, nusu ya msimu kamili. Mchango shilingi 5,000. Wala haihitaji ufundi, kwani anayefungua ligi ya kundi anaruhusiwa kuchagua raundi ya kuanzia kuhesabu, na wote mnasomeka sifuri.

Kiongozi wetu akawaka. "Unataka kunipora jasho langu!" Kaka, ligi ya zamani ipo pale pale, hela ipo pale pale, ubingwa ukiupata ni wako na tutakupigia makofi. Hujaporwa chochote isipokuwa raha ya kututazama tukiwa chini yako.

Hoja yake ya pili ilikuwa na maana zaidi. Alisema anayeingia Januari ameshaona majibu ya mtihani. Mfano mzuri ni Cole Palmer. Agosti 2023 alikuwa kijana wa Manchester City mwenye bei ya milioni 5.0. Akahamia Chelsea dirisha likifungwa, akafunga mabao 22 ya ligi, na msimu ule ukaisha akiongoza wachezaji wote wa mchezo huu kwa pointi 244. Wa Agosti angemjuaje? Wa Januari alimjua hata mke wa jirani.

Sawa, lakini majibu hayo si kila mtu anayaona? Ukianza kuhesabu upya, mkongwe na mgeni wanasoma gazeti moja. Tena mkongwe ana faida: mchezaji aliyemnunua kwa 6.0 akipanda hadi 6.4, akimuuza anapewa 6.2, na kwa hesabu hizo kikosi chake kinaweza kupita milioni 100. Mgeni anaingia na 100 zile zile kwa bei za leo. Mimi naona Agosti ndiyo ya kupiga ramli. Januari angalau unabishana ukiwa na ushahidi.

Na waendeshaji wenyewe hawaogopi kuanza upya. Ligi iliposimama kwa korona Machi 2020, kabla ya kurudi Juni waliruhusu watu wavunje vikosi bila kukatwa pointi. Kombe la Dunia la Qatar 2022 likawa hivyo hivyo, kati ya raundi ya 16 na ya 17. Msimu wa 2025/26 wakagawa kadi za ziada mara mbili, seti ya pili ikianza raundi ya 20. Kwa hiyo raundi niliyochagua sikuiokota barabarani.

Haikuwa haki kamili, nakubali. Jamaa wa Mwanza alilazimika kutumia waildikadi yake siku ya kwanza, ile ya kubadilisha timu nzima bure, maana kikosi chake kilikuwa makaburi. Wengine walibaki na zao mkononi. Hakulalamika.

Tulijiunga kumi, kiongozi akiwa wa mwisho kulipa, akinuna. Ijumaa ya kwanza simu yangu ikaita saa nne usiku, ni Mwanza, anataka kujua kama yule beki niliyemsifia amepona goti. Tuliongea dakika arobaini. Ya beki yaliisha mapema, zilizobaki zilikuwa za baba yake, jinsi alivyokuwa akisikiliza mpira redioni huku amelala.

Kwenye kundi sasa anatukana kuliko wote. Mimi raundi ile nilimaliza wa nane.