Acheni kutudanganya eti x ni embe

Nasema hivi, na walimu mnikasirikie mkitaka: vijana wa Busia na Malaba si wabovu wa hesabu. Ni nyinyi mnaiharibu na maembe yenu.

Mtoto akifika aljebra anaambiwa x ni embe, y ni ndizi, usichanganye. Siku ya kwanza inakubali. Haya, na x² ni nini? Embe mraba? Hapo mtoto anabahatisha, anaandika 3x² + 2x = 5x³, anakatwa alama, anaitwa kichwa ngumu.

Sasa toka darasani, simama pale mpakani umtazame mtu wa kubadilisha pesa. Shilingi za Kenya huku, za Uganda kule. Hawezi kuchukua 500 ya Kenya na 5,000 ya Uganda aseme ana 5,500. 5,500 za nani? Anajumlisha zinazofanana, hizo zingine zinakaa kando mpaka ajue bei ya leo. Herufi ndiyo hiyo bei: ni namba, ila haijatajwa bado. Si tunda!

Na vipeo je? Tuseme x ni 10. Basi x ni ashu, x² ni soo, x³ ni thao. Soo tatu na ashu mbili ni 320. Nani hapa Malaba atakubali umwambie hiyo ni thao tano?

Haya, jumlisha: (3x² + 5x + 2) + (x² + 2x + 6). Soo 3 na 1 ni 4. Ashu 5 na 2 ni 7. Shilingi 2 na 6 ni 8. Jibu: 4x² + 7x + 8. Ni 352 jumlisha 126, unapata 478. Hesabu ya watoto wadogo, imevaa suti tu. Na ukiweka x iwe 7 badala ya 10, bado inakubali. Jaribu.

Mwaka wa 2025 Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza hesabu itakuwa ya lazima sekondari pevu. Sawa, lazimisheni. Lakini kulazimisha si kufundisha.

Najua mtasema, "Wewe si uliacha chuo?" Ndiyo, niliacha. Jibu hoja. Msichana anayerudisha chenji ya nchi mbili bila kalamu mnamwambia hesabu si yake, na yeye anawaamini.

Mwalimu, kesho ingia na noti. Embe liache sokoni.