Ukipanga ugenini, ulizia LUKU mapema

Msomaji wangu, wapo watu wakisikia safari wanawaza gesti tu. Kwa siku mbili tatu, sawa. Lakini ukija Nkololo, Wilaya ya Bariadi, kama nilivyokuja mimi, kwa kibarua cha msimu mzima wa pamba, gesti itakukausha mfuko. Dawa ni kupanga chumba. Na kupanga ugenini, bwana, kuna darasa lake.

Kwanza, salamu. Huku ni Usukumani. Mtu wa Dar aliyezoea kupita na "mambo vipi" huku anatembea ataonekana hakulelewa. Asubuhi sema "mwangaluka", jioni "mwadila", halafu simama ujibiwe. Mama mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita mayu, aliniuliza ukoo, nyumbani kwetu na kama nimeoa, ndipo akataja bei. Si umbeya huo! Anataka kujua nikiugua usiku ampigie nani.

Pili, usisubiri mwenyekiti wa kitongoji aje kukuulizia. Nenda na mwenye nyumba ukatambulishwe. Siku likitokea la kutokea, mgeni anahitaji mtu wa kusema, "Huyu namfahamu."

Tatu, na hapa ndipo penye kasheshe, ni LUKU. Nyumba yetu ina wapangaji wanne na mita moja. Mmoja ana friji la kugandishia barafu za kuuza, mwingine kila asubuhi pasi, mimi taa na chaja ya simu. Tukichanga sawa kwa sawa, nani analiwa?

Halafu iko hii: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye umeme. Anayenunua wa kwanza mwezi huo ndiye anayekatwa. Unaona uniti zimekuja kiduchu, unalaumu mita, kumbe umemlipia mwenye nyumba! Kodi ile ni mzigo wa mwenye jengo, si wa mpangaji.

Nikamwendea taratibu. "Mayu, hiki kilichokatwa tukipunguze kwenye pango langu."

"Mwanangu, yaani unanihesabia mpaka senti?"

Nikampa simu. Akamwita binti yake anayesoma sekondari, akasomewa ule ujumbe mstari kwa mstari. Mayu akaangua kicheko: "Kumbe serikali inanifuata mpaka kwa mpangaji!" Jioni ile tukakaa wote uani na daftari. Mwenye friji akakubali kuongeza, kinachokatwa kikaandikwa kwa tarehe, kila mtu akatia saini, na mayu akaweka dole gumba.

Utasema fedha yenyewe ndogo. Ni ndogo kweli, lakini kwa fedha ndogo kama hiyo nimeona majirani wakinyimana hata ndoo ya maji. Na ujue ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Siku hizi ngao ya mpangaji ni maandishi, hata yawe kwenye daftari la shule.

La mwisho: ukiletewa sahani ya michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kula ushibe. Ila sahani ya watu usiirudishe tupu.

Haya, tukutane wiki ijayo.