Vyama vya ushirika vitenge fungu la kulinda mitandao yao

Vyama vingi vya ushirika na kampuni za kununua mazao siku hizi huweka hesabu zao kwenye kompyuta. Mhasibu aliye safarini, meneja aliye nyumbani na fundi aliye mjini wanaweza kuingia katika mtandao wa ofisi wakiwa mbali, kwa kutumia programu maalumu ambazo nyingi hujulikana kwa jina la VPN. Ni jambo jema, kwa kuwa linaokoa nauli na muda.

Lakini programu hiyo ni mlango unaoitazama dunia nzima. Kasoro ikigunduliwa ndani yake, mwizi aliye nchi yoyote anaweza kuingia, akayafunga mafaili yote kwa ufunguo alionao yeye tu, kisha akadai fedha ili ayafungue.

Wengi hudhani hilo ni suala la fundi wa kompyuta. Mimi naliona kuwa ni suala la bajeti, na mahali pake ni kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Uongozi ukizembea, atakayelipa gharama ni mkulima ambaye hata kompyuta yenyewe hajawahi kuiona.

Tuangalie yaliyowapata wenzetu. Aprili 2019, watengenezaji wa programu ya Pulse Secure walitangaza kasoro kubwa na kutoa masahihisho yake. Kampuni ya kubadilisha fedha ya Travelex, ya Uingereza, ilikuwa miongoni mwa watumiaji. Septemba mwaka huo watafiti waliionya kuwa seva zake zilikuwa bado hazijawekewa masahihisho hayo.

Desemba 31, 2019 kampuni hiyo ikavamiwa, na wafanyakazi wake wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Wataalamu wengi waliamini kuwa wezi walipitia kwenye kasoro hiyo. Agosti 2020, baada ya uvamizi huo na pigo la corona, kampuni ikaangukia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, na zaidi ya watu 1,300 wakapoteza ajira nchini Uingereza.

Mwezi Mei 2021 ilikuwa zamu ya Colonial Pipeline, kampuni ya Marekani inayosafirisha karibu nusu ya mafuta ya pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Hapo haikuhitajika hata kasoro ya programu. Wezi waliingia kwa akaunti ya VPN iliyokuwa haitumiki tena lakini haijafutwa, yenye ulinzi wa neno la siri pekee. Bomba lilisimama kwa siku kadhaa na kampuni ikalipa kiasi cha dola milioni 4.4.

Wakulima nao hawakusalimika. Septemba 2021, mavuno yakiwa yanaanza, wezi waliuvamia ushirika wa nafaka wa NEW Cooperative katika jimbo la Iowa na kudai dola milioni 5.9. Aprili 2022 shirika la upelelezi la FBI lilitoa tahadhari kuwa vyama sita vya nafaka vilishambuliwa katika msimu ule wa mavuno, na kwamba wezi huenda wanavizia majira ya kupanda na kuvuna.

Kiuchumi hilo halishangazi. Wakati wa mavuno mkulima amefika na mzigo wake na hawezi kusubiri, hivyo chama kiko tayari kulipa chochote ili kazi iendelee.

Wapo watakaosema kuwa vyama vyetu ni vidogo mno kuwavutia wezi hao. Si kweli. Wezi hutumia programu zinazopekua intaneti usiku na mchana zikitafuta mlango mbovu, bila kujali ni wa nani.

Hapa Tanzania, tangu msimu wa 2024/2025 korosho ghafi zinauzwa kwa minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa (TMX). Mfumo huo una wasimamizi wake. Ninachokihofia ni ofisi ya chama, yenye majina ya wakulima, uzito wa mizigo yao na namba za akaunti zao za benki. Kumbukumbu hizo zikifungwa katikati ya msimu, malipo yatasimama na Januari itafika mtoto hana ada.

Kwa hiyo kila chama kinachotumia programu hizi kitenge fungu la kila mwaka. Ununuzi wa kifaa ni mwanzo tu. Mara nyingi bila kulipia ada ya mwaka hupati masahihisho, na kifaa cha mtumba ambacho mtengenezaji ameacha kukihudumia ni hasara hata kama kimeuzwa bei ya kutupa. Mfugaji anajua kuwa kuogesha ng'ombe mara moja hakumalizi kupe.

Pia mtumishi au fundi akiondoka, akaunti yake ifutwe siku hiyo hiyo. Anayeingia kwa mbali athibitishwe kwa namba inayotumwa kwenye simu yake au kwa njia nyingine ya pili, mbali na neno la siri.

Hata hivyo, masahihisho peke yake hayatoshi. Januari 2024 ilibainika kuwa programu ile ile ya Pulse Secure, ambayo sasa ni mali ya Ivanti, ilikuwa ikivamiwa kabla masahihisho hayajatoka, hadi serikali ya Marekani ikaziagiza idara zake kuizima. Ndiyo maana chama kinahitaji nakala ya kumbukumbu zake iliyohifadhiwa nje ya mtandao, na ijaribiwe kabla ya msimu kuona kama inafunguka.

Wakaguzi wa COASCO wanapokagua hesabu za vyama waulize pia juu ya nakala hiyo na akaunti za walioondoka. Nao wanachama, bajeti inaposomwa kwenye mkutano mkuu, wasiipitishe kabla ya kuonyeshwa fungu hilo liko wapi na nani anawajibika nalo.