Hasira Iliyolitangulia Kosa

Imani iliyoenea kuhusu Marekani ya miaka ya 1960 ni kwamba umma wenye subira uligeuka kuwa mkali kwa sababu tu vijana walivuka mipaka. Inadaiwa kwamba kama wanafunzi wasingechoma bendera, kama vijana walioitwa mahipi wasingefuga nywele na kuvuta bangi hadharani, na kama miji isingewaka moto, basi wahafidhina, yaani wale wanaotaka mpangilio wa jamii waliourithi ubaki ulivyo, wasingepata wafuasi, wala Richard Nixon asingeshinda urais mwaka 1968. Simulizi hiyo hupendwa kwa kuwa ina sura ya busara, lakini tarehe zenyewe zinaikanusha.

Mwezi Mei 1961, weusi na weupe waliopanda mabasi pamoja kwenda majimbo ya Kusini, ili kupima kama ubaguzi uliokwisha kupigwa marufuku na Mahakama Kuu ulikuwa umekoma katika vituo vya safari, walipigwa na basi lao moja likachomwa moto huko Alabama. Hawakuinua mkono dhidi ya yeyote, lakini kura ya maoni ya Gallup, taasisi inayopima mitazamo ya umma kwa kuhoji sampuli ya raia, ilionyesha kuwa Wamarekani wengi walipinga walichokifanya wasafiri hao. Miaka miwili baadaye, kabla ya maandamano ya Washington ya kudai haki za weusi, yaliyokusanya watu wapatao 250,000 waliovaa nguo zao za ibada, ni asilimia 23 tu ya waliosikia habari zake walioyaunga mkono. Mwezi Novemba 1964, wapiga kura wa California, wakiwa karibu theluthi mbili, waliifuta sheria iliyozuia ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Hayo yalitokea kabla ya ghasia za Agosti 1965 katika mtaa wa Watts, California, na miaka zaidi ya miwili kabla mahipi hawajafurika San Francisco katika kiangazi cha 1967.

Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley kinatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Mgogoro wa 1964 ulianza pale uongozi ulipowakataza wanafunzi kuweka meza za kuchangisha fedha na kuandikisha wanachama kwa ajili ya harakati za kisiasa, zikiwemo za haki za weusi, na wengi wa vijana waliopinga katazo hilo walivaa makoti na tai. Unadhifu huo haukuwasaidia kitu, kwa maana mwanasiasa mhafidhina Ronald Reagan aliifanya Berkeley kuwa shabaha ya kampeni yake, akachaguliwa gavana wa California mwaka 1966.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ghasia zilizofuata kuuawa kwa Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za weusi, Aprili 1968 ziliwatisha wengi na kumwongezea Nixon kura. Hata hivyo, kukuza hasira si sawa na kuizaa. Kilichochukiwa tangu mwanzo kilikuwa dai lenyewe, yaani kugawana mitaa, shule, ajira na kura na watu waliokuwa wametengwa, na baadaye dai la kusitisha vita vya Vietnam. Nywele ndefu na vioo vilivyovunjwa viliipatia chuki hiyo lugha ya heshima, kwani mtu aliyeona aibu kusema kwamba hamtaki jirani mweusi aliweza sasa kusema kwamba anataka sheria na utulivu, kaulimbiu ambayo mgombea urais Barry Goldwater alikwisha kuitumia katika kampeni yake ya 1964.

Madhara ya imani hii ni kumbebesha aliyeumizwa lawama ya kuumizwa kwake. Askari wa Walinzi wa Taifa walipowaua wanafunzi wanne katika Chuo Kikuu cha Kent State wakati wa maandamano ya kupinga vita tarehe 4 Mei 1970, wawili kati ya waliokufa hawakuwa wakiandamana bali walikuwa njiani kati ya vipindi vya masomo. Lakini katika kura ya maoni iliyofuata, asilimia 58 ya waliohojiwa waliwalaumu wanafunzi, na asilimia 11 tu waliwalaumu askari.

King mwenyewe, ambaye leo hutajwa kama kipimo cha kuwakemea waandamanaji wapya kwa kukosa adabu, mwaka 1966 alitazamwa vibaya na takriban theluthi mbili ya Wamarekani, ilhali sikukuu ya kitaifa ya kumuenzi ilitiwa saini mwaka 1983 na Reagan yuleyule, wakati huo akiwa rais. Kwa hiyo, anayetaka kuelewa kwa nini umma unawakasirikia waandamanaji aache kwanza kukagua mavazi na sauti zao, achunguze wanadai nini, na ni nani atakayepoteza upendeleo wake iwapo watapewa.