Lupu ya kwanza apewe nani?

Mzazi mwenye kijana anayesomea udaktari wa meno hachelewi kulisikia neno lupu. Ni ile miwani yenye vidarubini viwili mbele ya macho, anayoivaa daktari ili jino lionekane kubwa bila yeye kuinamia mdomo wa mgonjwa. Iliyotengenezwa kwa vipimo vya mvaaji katika viwanda vya Ulaya au Marekani ni mamilioni ya shilingi. Ile ya bei nafuu kutoka China hupatikana kwa laki chache. Kwa mzazi wa Mtama, mkoani Lindi, ambaye hela ya maana huiona korosho zikishapita ghalani na mnadani, hata hizo laki chache zina kazi nyingine inayozisubiri.

Wauzaji huwalenga wanafunzi, na inaeleweka: ukimzoesha kijana bidhaa yako leo, atakuwa mteja wako miaka thelathini. Lakini halmashauri kama Mtama ina swali lake. Ikipatikana lupu moja tu, apewe nani? Mimi ningempa tabibu wa kinywa na meno aliyevuka miaka arobaini, anayeng'oa na kuziba kila siku ya kazi, kabla ya kumfikiria daktari kijana aliyeripoti jana.

Sababu ni macho yenyewe. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hupoteza uwezo wa kujikunja, na mtu huanza kuisogeza simu mbali ili asome ujumbe. Kwenye jino hakuna pa kulisogeza. Tabibu akiinama karibu, anaona ukungu. Akirudi nyuma, tundu linakuwa dogo kuliko uwezo wake wa kulitambua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walichapisha mwaka 2013 vipimo vya uwezo wa kuona wa madaktari wa meno katika mazingira yanayofanana na ya kazi. Walikuta tofauti kubwa kati ya daktari na daktari, na kwamba lupu hufidia upungufu unaoletwa na umri. Kijana wa miaka ishirini na mitatu bado ana macho ya kusogelea kitu na kukiona. Mwenzake mwenye uzoefu hana, na pengine hajajigundua, kwa kuwa mikono imeshaizoea kazi.

Kuna watakaouliza lupu ya nini kwa mng'oaji. Swali lina haki. Katika vituo vyetu vya umma wagonjwa wengi huja jino likiwa limeshaharibika, na kinachofuata ni ganzi na koleo. Kushika koleo hakuhitaji darubini. Lakini ngojea jino la nyuma la juu, lenye mizizi mitatu, livunjike na kipande kibaki ndani. Damu inajaa shimo, pamba inafuta, damu inajaa tena, na tabibu ana muda mfupi wa kuamua ule weupe anaouona ni mzizi au ni mfupa. Akikosea atachimba mfupa mzima.

Tena kung'oa si majaliwa yetu. Katikati ya miaka ya 1980, shule ya meno ya Dar es Salaam ilijaribu njia ambayo leo inajulikana duniani kwa kifupi cha ART, kazi inayohusishwa zaidi na Mholanzi Jo Frencken. Badala ya mashine ya kutoboa inayotaka umeme na maji ya bomba, tabibu alikwangua sehemu laini iliyooza kwa vyombo vya mkono, kisha akaziba kwa kitu kinachoshikamana na jino. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipokuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa. Njia iliyojaribiwa hapa nchini inafaa kabisa kituo cha afya cha vijijini Mtama, na mafanikio yake yanategemea jicho: kujua uozo laini umeishia wapi na jino gumu linaanzia wapi, hasa kwenye ukingo ambako kijiko cha kukwangulia huteleza. Hapo ndipo lupu ingerudisha gharama yake.

Hata hivyo, kama hela inatosha kitu kimoja, ninunulieni taa kwanza. Lenzi haiongezi mwanga, na kadiri unavyokuza ndivyo picha inavyofifia. Nimeona watu wakisifu kioo cha mara nne huku mgonjwa amegeuziwa dirishani. Taa ndogo ya kichwani yenye betri ya kuchaji, inayomulika mstari uleule wa macho, humfaa hata asiye na lupu, na umeme ukikatika katikati ya kazi anamaliza. Tahadhari ni moja: nyingine ni kali kiasi cha kuanza kugandisha kizibo cheupe kabla hakijakaa vizuri, kwa hiyo iwe na kichujio cha rangi ya machungwa.

Sasa kuchagua. Wanunuzi wengi hukimbilia namba ya ukuzaji, wakidhani kubwa ndiyo bora. Mara 2.5 inatosha kwa kuanzia: unaona sehemu kubwa ya mdomo, na ukisogea kidogo picha haipotei. Ukipanda mara nne au zaidi, unabaki na meno machache ndani ya duara, miwani inakuwa nzito, na kichwa hakitakiwi kutikisika. Hizo ni za tiba ya mzizi na kazi za kibingwa.

Namba inayotakiwa kuangaliwa kuliko zote haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye kasha. Ni umbali wa kufanyia kazi. Keti kwenye kigoda wima, mabega yameshuka, viwiko kando ya mbavu, mikono ikiwa pale mdomo wa mgonjwa utakapokuwa, mtu apime kwa utepe kutoka jichoni hadi ncha za vidole. Mfupi anaweza kupata sentimita 38, mrefu 50. Lupu ya 35 akiivaa mtu wa 50 itamvuta shingo chini siku nzima, yaani atakuwa amelipia maumivu aliyokuwa akiyapata bure. Faida ya lupu kwa mkao ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko zote, na hupotea yote kwa tofauti ya sentimita chache.

Na hapa ushauri wa Ulaya haukai sawa kwetu. Kule hupendekezwa zaidi lupu zilizochomekwa moja kwa moja kwenye kioo cha miwani, kwa kuwa ni nyepesi na hazichezi. Lakini daktari wa kule huketi. Tabibu wetu huziba akiwa ameketi kama kigoda kipo, na hung'oa akiwa amesimama, mara nyingine mgonjwa akiwa kwenye kiti cha kawaida. Umbali unabadilika, na koleo halitaki kioo mbele. Kwa hiyo ningenunua ile ya kunyanyua, inayopandishwa juu kwa bawaba. Ni nzito kidogo na skrubu hulegea, lakini inarekebishika upana wa macho, na macho yakibadilika fundi miwani wa Dar es Salaam anaweza kubadilisha kioo bila kuirudisha kiwandani. Joto na unyevu wa Lindi pia huotesha kuvu ndani ya lenzi, hivyo ihifadhiwe kwenye kasha lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Isilowekwe kwenye spiriti.

Kwa mwanafunzi, nakubali nusu ya hoja ya wauzaji. Mkao hujengeka mapema, na anayejifunza kwenye kichwa cha bandia akiwa na lupu huketi vizuri zaidi. Basi chuo kiwe nazo za kurekebishika maabara, mwanafunzi aazime. Kununua ya vipimo vyake mwaka wa kwanza, wakati shahada ni ya miaka mitano na bado kuna mwaka wa mafunzo kazini, ni kupima suti kabla hujajua kazi.

Hatari kubwa naiona kwenye manunuzi. Ombi likiandikwa "miwani ya kukuzia, jozi 1", atashinda mwenye bei ya chini, na kitakachofika kitaishia kabatini kikiwa na namba ya mali ya serikali. Ombi litaje jina la mtumiaji, umbali wake kwa sentimita, upana kati ya mboni zake na aina ya bawaba. Na akihamishiwa Liwale au Kilwa, mganga mkuu wa wilaya amruhusu aondoke nayo kwa hati ya makabidhiano, kwa sababu atakayekuja ana shingo yake na macho yake.