Jioni ya Maisha Ina Kazi Yake



Ndugu waamini, naanza kwa kuungama. Miaka michache iliyopita, nikihudumu katika parokia moja ya mlimani, Kilimanjaro, mzee mmoja alinijia baada ya Misa ya Jumapili. Alikuwa amepita umri wa miaka 80, akitembea kwa mkongojo, na kwa muda mrefu alikuwa kiongozi wa sala katika kigango chake. Aliniambia, "Baba Padre, naomba uje nyumbani. Mpaka wa kihamba tunaujua mimi na jirani yangu tu. Nataka tuwaonyeshe watoto tukiwa hai, nami niseme mbele yako nani atapata nini."

Ilikuwa Kwaresima. Nilikuwa na maungamo ya vigango, semina ya wakatekumeni na michango ya ujenzi. Nikamjibu, "Mzee wangu, tuvute subira, nitakuja baada ya Pasaka." Alinishukuru kwa heshima, akaenda zake. Juma Kuu tulimzika.

Leo kihamba kile kimo katika kesi. Wanawe wawili hawasalimiani. Jirani naye amekwisha kufariki, na masale yaliyopandwa mpakani yameng'olewa usiku, na hakuna anayekiri kuyang'oa. Wenyeji wa mlimani wanafahamu uzito wa jambo hilo. Jani la sale ndilo alama ya mpaka, na ndilo mtu huchukua mkononi anapokwenda kumwomba msamaha aliyemkosea. Katika familia ile, mpaka na msamaha viling'olewa pamoja.

Nimelitafakari kosa langu mara nyingi. Sikumnyima mzee yule mkate wala dawa, lakini nilimnyima saa moja, na saa ile ilikuwa na thamani kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Ndiyo sababu naandika juu ya matumizi ya wakati katika uzee. Najua kwamba sijafikia umri huo, na kwamba mtoto hamfundishi mzazi kuzaa. Basi wazee wangu mnipokee kama mtu anayeungama, na vijana wenzangu wanisikie kama mtu anayeonya.

Tajiri aliyejipangia kupumzika

Katika sura ya 12 ya Injili ya Luka, mtu mmoja katika umati anamwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane naye urithi. Bwana anakataa kufanywa mgawaji, anaonya juu ya tamaa, kisha anatoa mfano wa tajiri aliyejenga ghala kubwa na kujiahidi miaka mingi ya kula, kunywa na kupumzika. Usiku ule ule anadaiwa roho yake.

Mara nyingi twahubiri mfano huo tukisahau kwamba ulizaliwa katika ugomvi wa urithi. Kwangu mimi mambo hayo mawili yanahusiana sana. Kwa upande mmoja wako ndugu wanaogombana juu ya mali ya marehemu. Kwa upande mwingine yuko mwenye mali aliyeihesabu miaka iliyobaki kuwa yake peke yake, wala hakuwa na neno la kumwambia yeyote isipokuwa nafsi yake. Mzazi anayeishi hivyo huwaachia wanawe ugomvi wa namna hiyo.

Mtumishi wa umma nchini mwetu, kwa kawaida, aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Mungu akimjalia kufika 80, amepewa miaka 20, yaani siku zaidi ya 7,000. Tunafanya karamu ya kumuaga, tunampa zawadi, tunazungumza juu ya kiinua mgongo chake. Ni nani amuulizaye atazifanyia nini siku hizo 7,000? Tena mkulima wa jembe la mkono hana hata tarehe ya kustaafu. Nguvu humwishia polepole, mpaka siku moja anagundua kwamba amekuwa wa kukaa barazani.

Sipingi mapumziko. Mungu mwenyewe aliitakasa siku ya kupumzika, na mtu aliyesomesha watoto kwa jasho lake anastahili kivuli. Ninachopinga ni fikra kwamba uzee ni likizo ndefu ya kungojea mauti. Maandiko Matakatifu hayaufahamu uzee wa namna hiyo. Ana binti Fanueli, mjane wa miaka 84, hakuondoka hekaluni, na alipomwona Mtoto alisema habari zake kwa wote waliongojea ukombozi. Kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya mwishoni.

Kung'atuka na kuanza upya

Mwalimu Julius Nyerere aliliingiza katika Kiswahili neno la Kizanaki, kung'atuka, ambalo ni kuwaachia wengine uongozi kwa hiari na kwa heshima. Alitoka katika urais mwaka 1985, akiwa na miaka 63, na katika uenyekiti wa chama mwaka 1990. Alirudi Butiama, akalima, akaandika, akaitungia Injili tenzi za Kiswahili. Mwaka 1996 akaanza kazi ya kuwapatanisha Warundi, wala hakuiacha mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Kazi ile ikapokelewa na mzee mwingine, Nelson Mandela, na mkataba ukatiwa sahihi Arusha mwezi Agosti 2000, Mandela akiwa na miaka 82.

Katika Kanisa tunaye Mtakatifu Yohane wa XXIII. Alichaguliwa Oktoba 1958 akikaribia miaka 77, na wengi walimdhania kuwa Papa wa mpito tu. Ndiye aliyeitisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Waraka wake juu ya amani duniani, Pacem in Terris, ambao sisi wa Haki na Amani tunautegemea hata leo, aliutoa Aprili 1963, akiwa tayari na ugonjwa uliomwua majuma machache baadaye.

Tuangalie vizuri mifano hii, maana tusipoangalia tutaielewa vibaya. Kutumia wakati vizuri katika uzee si kung'ang'ania kiti. Tunao viongozi katika halmashauri za walei, katika kwaya na katika kamati zetu, ambao wameongoza miaka 15 au 20, na vijana waliowabatizia watoto wao wangali wanaitwa "watoto". Nasema kwa upendo: kiti kinachokaliwa mno humzuia mzee kufanya kazi yake ya kweli, kwa sababu humshughulisha na vikao wakati kuna mambo ambayo yeye peke yake aweza kuyamaliza.

Kazi tatu za jioni

Mambo hayo ni yapi? Kwa maoni yangu ni matatu.

La kwanza ni kupatana. Mtu aliyeishi miaka mingi amekosa wengi na amekosewa na wengi. Magomvi mengi ya vijiji vyetu yanaendeshwa na vijana wasiojua yalianzaje. Wameurithi uadui pamoja na shamba. Mzee aliyekuwapo tangu mwanzo ndiye awezaye kusema, "Hapa sisi ndio tuliokosa." Neno hilo likitamkwa na mjukuu halina uzito, kwa sababu hakuwapo. Likitamkwa na babu, kesi yaweza kuisha. Penye wazee haliharibiki neno, walisema wahenga, lakini wazee wakinyamaza, huharibika.

La pili ni kupanga. Sura ya 25 ya Kitabu cha Mwanzo yasimulia kwamba Abrahamu, alipokuwa angali hai, alimwachia Isaka mali yake, na wanawe wengine akawapa zawadi. Na alipofariki, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja. Mpango wake haukufuta majeraha yote ya nyumba ile, lakini haukuyaongezea fujo.

Wengi wetu twaogopa wosia. Twaona kuuandika ni uchuro, ni kuita mauti mlangoni. Ndugu zangu, mauti haingojei kuitwa, na hakuna aliyekufa kwa kuandika. Wosia uandikwe kwa maneno yasiyo na utata, mwandishi akiwa na akili timamu na hiari yake. Uwe na tarehe, utiwe sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wasiopungua wawili ambao si warithi. Asiyejua kusoma na kuandika aongeze mashahidi na atafute msaada wa mwanasheria. Kisha uhifadhiwe mahali salama, kwa wakili au kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Na zaidi ya karatasi, mzee atembee mpakani pamoja na majirani na watoto wake, awaonyeshe kwa fimbo yake.

Hapa yatupasa kusema la haki. Wosia wa Mkristo hauwezi kuwa silaha ya kumfukuza mjane au ya kumnyima binti kwa sababu ni binti. Zipo mila zinazomwona mtoto wa kike kuwa mgeni nyumbani kwa baba yake. Mila njema tuzishike, lakini inayomwacha mama yetu bila paa siku ya arobaini ya mumewe, hiyo tuiache. Mzee mwenye mamlaka ya kuibadili ni yule yule aliyeipokea.

La tatu ni kurithisha imani. Watoto wengi katika parokia zetu wamejifunza Ishara ya Msalaba kwa bibi kabla ya kumwona katekista. Lakini mafundisho ya wazee yasiwe ya sala tu. Watoto wasimuliwe pia jinsi njaa ilivyovumiliwa, jinsi kanisa la kigango lilivyojengwa kwa mawe ya kubebwa vichwani, na jinsi babu alivyokosea na kutubu. Historia isiyosimuliwa huzikwa pamoja na mwenye nayo.

Deni letu sisi wengine

Lakini ingekuwa dhuluma kuwapa wazee mafundisho juu ya wakati na kuunyamazia wizi tunaoufanya sisi. Yuko bibi anayelea wajukuu watano yatima, anayeamka alfajiri kuteka maji na kulala usiku wa manane. Ukimwambia bibi huyo atumie wakati wake vizuri, unamtukana. Yeye ahitaji mtu wa kumtekea maji, ili apate nusu saa ya kukaa na Mungu wake.

Wako pia akina mama wazee, hasa kule Usukumani, waliouawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi. Wengine walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yalitiwa wekundu na moshi wa jikoni ambako walitupikia miaka yote. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inasema kila mtu anayo haki ya kuishi, na amri ya tano ya Mungu ilitangulia kusema hivyo. Jumuiya inayokaa kimya jirani anapomwita bibi mchawi inashiriki kuukata wakati aliopewa na Mungu.

Na tuko sisi wenye shughuli nyingi: mapadre, wenyeviti wa jumuiya, watoto walioko mijini wanaotuma fedha kwa simu na kuhesabu kwamba wametimiza wajibu. Fedha zile ni njema, tuzitume. Ila mzee hawezi kuionyesha simu mpaka wa shamba, wala hawezi kuiomba msamaha kwa niaba ya jirani.

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Jumapili ya nne ya Julai kuwa siku ya mababu, mabibi na wazee, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana. Napendekeza parokia zetu zisiishie kuwapa kanga na sabuni siku hiyo. Majuma manne kabla yake, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatembelee wazee wake. Vijana wa VIWAWA wachukue daftari, akina mama wa WAWATA washike kazi za nyumba saa ile, na mzee aulizwe swali moja tu: "Kuna neno gani ambalo hujalisema?" Kisha tukae. Tusitazame saa. Mimi nimeanza kufanya hivyo, nami nimeyasikia mambo ambayo yangezaa kesi za miaka kumi.

Wazee wetu, msingoje tuwe na nafasi. Mkija kwetu nasi tukasema "baada ya Pasaka", msitushukuru na kwenda zenu. Kaeni hapo hapo mlangoni kwa mkongojo wenu mpaka tuone haya. Kazi mliyobakiza ni ya amani, na hatuna mwingine wa kuifanya.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Ni ugomvi gani katika kitongoji chetu ambao bado yuko mzee awezaye kuumaliza? Nani atakwenda kwake juma hili?

2. Je, wajane na mabinti wa jumuiya yetu wana uhakika wa mahali pa kuishi? Tufanye nini pale wasipokuwa nao?

3. Ni kazi gani ya mzee mmoja tunayeweza kuibeba, ili yeye apate saa yake?